Nani Atauanzisha Wimbo? Historia ya Uimbaji wa Kanisa Kando ya Ziwa Letu



Ndugu zangu wapendwa katika Kristo, Jumatatu ijayo kambi ya uimbaji ya watoto na vijana itaanza hapa parokiani. Itadumu majuma mawili ya likizo ya Juni, kama ilivyo desturi yetu. Baada ya Misa ya pili Jumapili iliyopita, mzazi mmoja alinijia mlangoni mwa sakristia akaniambia kwa heshima, lakini bila kuzunguka: "Baba Paroko, huu ndio wakati wa dagaa. Mtoto akishinda majuma mawili anaimba, tutakula nini?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba anipe juma moja. Swali lake si la mzaha, nami ninayeishi Nkome ninajua maana ya asubuhi moja ya jua kali pale mwaloni, mikono ya watoto inapohitajika kuanika na kugeuza. Nilitaka kulijibu kwa njia ya historia, kwa kuwa swali hili lina mizizi mirefu kuliko kambi yetu. Naomba msome kwa subira.

Waliobaki bila padre

Mwezi Februari mwaka 1879, Padre Simeoni Lourdel na Bruda Amans wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Buganda baada ya kuvuka ziwa hili kutoka pwani yake ya kusini. Kazi yao ilikuwa na matumaini, lakini hatari nazo hazikukawia. Mwezi Novemba 1882 wamisionari waliamua kuondoka Buganda, pamoja na watoto yatima waliokuwa wakiwalea, wakarudi upande wetu wa kusini. Hivyo ndivyo ilivyoanza misheni ya Bukumbi mwaka 1883, mashariki ya hapa tulipo, ambayo ni mama wa Kanisa Katoliki katika nchi hizi za Usukuma.

Sisi wa upande huu huikumbuka Bukumbi kama mwanzo wetu, na ni haki. Lakini tujiulize: nini kilitokea upande wa pili wa ziwa, kule walikotoka? Waliobaki Buganda walikuwa Wakristo wachache mno, wengine wamebatizwa mwaka uleule wa 1882. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walikuwa wamebatizwa mwezi Aprili. Matia Mulumba mwezi Mei. Hawakuwa na padre, hawakuwa na Misa, hawakuwa na maungamo. Kwa karibu miaka 3 walikusanyika majumbani wakasali, wakafundishana, wakawaongoza wengine katika ibada. Wamisionari waliporudi mwaka 1885 hawakukuta moto uliozimika. Walikuta idadi ya wanaoutaka ubatizo imeongezeka sana.

Kizito, kijana wa miaka kama 14 tu, ni tunda la jumuiya hiyo. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, yeye na Karoli Lwanga na wenzao walikwenda motoni huku wakisali kwa sauti. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na kila mwaka sikukuu yao hutukuta tukiwa katika maandalizi ya kambi yetu. Ninapenda iwe hivyo. Wale hawakufundishwa sala ili wapendeze wageni jukwaani. Walifundishwa hata ikafika hatua kwamba padre alipoondoka sala haikuondoka.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mwaka 386 huko Milano, Askofu Ambrosi alitakiwa na watu wa ikulu awaachie Waario kanisa moja. Waamini wakaingia kanisani, wakakesha humo pamoja na askofu wao, tayari kufa naye. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa akiishi mjini humo na ambaye alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, anasimulia katika kitabu chake cha Maungamo kwamba hapo ndipo watu walipofundishwa kuimba tenzi na zaburi kwa desturi ya Makanisa ya Mashariki, ili wasizimie kwa huzuni na uchovu. Kwa maneno mengine, uimbaji wa waamini wote katika Kanisa la Milano ulizaliwa katika mkesha wa watu waliozingirwa. Ulikuwa chakula cha njiani.

Ngoma iliyobaki nje

Sasa turudi kwetu. Wasukuma walikuwa na shule zao za uimbaji kabla ya Bukumbi. Katika karne ya 19 walitokea waganga na wachezaji wawili mashuhuri waliokuwa washindani, Ngika na Gumha. Kutoka kwao vimetokea vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo wazee wetu wanavijua vizuri. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni, vyama hivi hushindana. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Kwa sababu hiyo walitafuta nyimbo mpya, mavazi mapya, hata nyoka na mafisi wa kuchezea. Na walitafuta pia dawa za kuvuta watu.

Vilevile zilikuwapo nyimbo za kazi. Ngoma ya bugobogobo ilipigwa shambani, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, mwimbishaji akitoa neno na kundi likiitikia. Katika miaka ya 1940 na 1950 familia nyingi za Kisukuma zilipohamia Geita kutafuta ardhi, katikati ya wenyeji Wazinza, zilikuja na majembe yao na nyimbo zao pia.

Kanisa lilizipokeaje? Tuseme ukweli bila kuwahukumu waliotutangulia. Wamisionari walizitazama ngoma hizi kwa hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu: dawa, matambiko, na mambo ya usiku. Lakini kulikuwa pia na sheria. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pio X alitoa hati juu ya muziki mtakatifu iliyokusudia kuondoa kanisani nyimbo za mtindo wa maonyesho ya tamthilia za Ulaya. Ilikuwa hati njema, nayo ilirudisha heshima ya wimbo wa Kigregoriani. Hata hivyo, hati hiyohiyo ilikataza kinanda cha piano kanisani, pamoja na ngoma na vyombo vingine vya kelele, na haikuruhusu wanawake kuwa waimbaji wa kwaya. Akina mama wa kwaya zetu wakisoma hapa watatabasamu! Sheria iliyotungwa kwa ajili ya maovu ya Ulaya iliikuta ngoma ya Usukuma isiyohusika na kesi hiyo, ikaiacha nje ya mlango. Mkristo wetu akajifunza kuwa na sauti mbili: ya shambani na ya kanisani.

Bujora na maua ya Ekaristi

Aliyejaribu kuziunganisha sauti hizi mbili alikuwa Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Mapadri Weupe, katika parokia ya Bujora karibu na Kisesa, kuanzia miaka ya 1950. Alikaa na wazee, akasikiliza, akakusanya vitu na simulizi za watu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Makumbusho ya Wasukuma. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la mviringo na kupambwa kwa alama za utemi, ili Msukuma aingiapo atambue kwamba Kristo ndiye Mtemi. Chini ya ulezi wake kilikuwapo chama cha Bana Sesilia, yaani Wana wa Sesilia, ambao walitunga nyimbo za Kanisa kwa Kisukuma.

Na kisha ikaja Bulabo. Neno hili maana yake ni maua, nalo linatokana na maua ya maandamano ya Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ile ambayo Papa Urbano IV aliiweka kwa Kanisa lote mwaka 1264. Sikukuu hiyo huangukia Mei au Juni, karibu na msimu uleule wa ngoma baada ya mavuno. Padre Clement hakuwaambia Bagika na Bagalu waache kucheza. Aliwaalika waje Bujora. Kwanza Kristo wa Ekaristi anapita kati yao, kisha wao wanacheza mbele yake. Mpaka leo Bulabo inajulikana katika kanda yetu yote.

Je, kila kitu kilikuwa safi? Sidhani. Ushindani haukufa, na si kila aliyekuja kucheza alikuja kusali. Injili inapoingia katika utamaduni huingia kama chachu, na chachu huchukua muda. Lakini Padre Clement alitangulia. Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika mwenzetu wa kusini, naye alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959, na mwaka 1963 akatoa kitabu cha kitaalamu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia, Sacrosanctum Concilium. Namba yake ya 119 inasema kwamba mahali ambapo watu wana mapokeo yao ya muziki, mapokeo hayo yapewe heshima na nafasi yanayostahili. Mlango ukafunguliwa, na ngoma ikaingia.

Kosa langu mwenyewe

Hapa, ndugu zangu, naomba niache vitabu kidogo niseme jambo langu.

Miaka ya 2000 nilikuwa frateri katika mwaka wa kichungaji, kwenye parokia moja ya kando ya ziwa. Nilikuwa nimejifunza nota seminarini na niliona fahari. Mwezi Juni nilikabidhiwa kambi kama hii yetu, watoto wapatao 35. Nilichagua nyimbo za sauti nne, ngumu na nzuri. Tulifanya mazoezi tangu asubuhi hadi jioni. Palikuwa na mzee katekista aliyeishika jumuiya ile kwa miaka mingi, ambaye alizoea kuanzisha nyimbo kwa ngoma yake ndogo. Mdundo wake haukulingana na vipimo vyangu. Nikamwomba aipumzishe ngoma. Yeye mwenyewe akaibeba akaiweka stoo. Hakuninung'unikia.

Jumapili ya kwanza watoto waliimba vizuri mno. Kanisa lilikuwa kimya. Nilidhani ni kimya cha uchaji. Baada ya Misa mzee akaniambia, "Frateri, umewafundisha watoto kuimba. Sasa utufundishe na sisi kuitikia." Nilicheka, nikapita.

Katika juma la pili upepo wa usiku ulipindua mtumbwi wa wavuvi. Vijana wawili wa kigango kile hawakurudi. Walipatikana siku ya tatu. Padre alikuwa mbali, njia ilikuwa mbaya. Nikaenda mimi na watoto wa kambi kukesha na wafiwa. Palikuwa giza, taa moja tu ndani kwa wafiwa. Niliwaambia watoto waimbe. Wakatazamana. Madaftari yao hayakuwafaa gizani, na kila mmoja alijua sauti yake tu, hakuna aliyeujua wimbo mzima. Walianza, wakakwama. Wakaanza tena, wakakwama tena. Mama wa marehemu mmoja alikuwa amekaa chini mbele yetu.

Ndipo mzee katekista alipovuta dumu tupu la maji, akalipiga polepole kwa kiganja, kwa kuwa ngoma yake ilikuwa stoo. Akaanzisha wimbo wa maneno machache, wa kuitikiana. Uwanja mzima uliitikia. Wanawake jikoni waliitikia. Yule mama, aliyekuwa hajatoa neno tangu mchana, niliona midomo yake ikitembea. Tukaimba mpaka alfajiri. Watoto wangu wakajifunza usiku ule nyimbo nyingi kuliko nilizowafundisha kwa siku kumi.

Asubuhi nilikwenda stoo nikaitoa ngoma, nikampelekea mzee nyumbani kwake nikamwomba radhi. Aliipokea akauliza tu kama ngozi haijalika na panya. Mzee huyo amekwisha kufa, Mungu amlaze pema. Mazishini pake hakukosekana mtu wa kuanzisha wimbo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kwaya ipo ili watu waimbe. Instruksio Musicam Sacram ya tarehe 5 Machi 1967 inafundisha waziwazi kwamba si desturi ya kusifiwa kuiachia kwaya peke yake uimbaji wote, waamini wakiwa watazamaji. Sisemi kwaya zisiimbe sauti nne. Uzuri ni sadaka, na Mungu anastahili kilicho bora. Nasema kwamba kama baada ya miaka mitano ya kwaya nzuri waamini wa benchi la nyuma hawajui wimbo hata mmoja kwa moyo, basi tumewanyang'anya kitu.

Pili, tujihadhari tusije tukawa Bagika na Bagalu bila Bulabo. Mashindano ya kale yalikuwa na kipimo kimoja: nani amevuta watu wengi. Leo nasikia kwaya ya Misa ya kwanza na kwaya ya Misa ya pili zikipimana kwa sare, kwa vinanda, kwa spika, kwa albamu na video. Padre Clement alipowaleta wachezaji Bujora, aliweka kitu katikati ya uwanja: maandamano ya Ekaristi. Tukiiondoa Ekaristi katikati, yatabaki mashindano matupu, tena bila hata ufundi wa wazee wetu. Augustino huyohuyo aliyelia machozi kwa nyimbo za Milano alikiri pia kwamba kila mara alipoguswa na sauti kuliko na kinachoimbwa, alijiona amekosa. Mtakatifu mkubwa aliogopa jambo hili. Nasi tuliogope kidogo.

Tatu, kuongoza ibada ni kazi ya wabatizwa. Nkome ni mji wa watu wa kuja na kuondoka. Hapa wapo Wazinza, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Waha; wengine wameletwa na samaki, wengine wanapita kwenda kwenye dhahabu. Mapadri ni wachache na vigango viko mbali. Usiku mtu anapokufa, au mtumbwi unapochelewa, wa kwanza kufika atakuwa jirani. Je, jirani huyo anaweza kuanzisha zaburi? Anaweza kuongoza rozari na litania? Waganda wa mwaka 1882 waliweza, na Bwana akawakabidhi Kanisa zima kwa karibu miaka 3.

Kwa hiyo kambi ya mwaka huu nimeipanga hivi. Asubuhi watoto watajifunza nyimbo fupi za kuitikiana na zaburi, kwa kichwa, bila madaftari. Alasiri wataongozana wao kwa wao katika sala: anayeanzisha, anayesoma Neno, anayeomba, na anayejua kunyamaza. Jioni watakuja wazee wa jumuiya, kila siku mzee mmoja, kutufundisha wimbo mmoja anaoujua tangu ujanani na kutuambia aliupata wapi. Sauti nne zitakuwapo pia, siku tatu za mwisho. Hakutakuwa na mashindano wala zawadi. Usiku wa mwisho tutazima taa za kanisa na kuimba gizani, na waamini wote mnaalikwa.

Sasa nikujibu, ndugu yangu uliyeniuliza. Mtoto wako akihitajika mwaloni asubuhi, mlete saa 9 alasiri baada ya kazi, hatafukuzwa. Jumuiya ndogondogo zimekwisha kuahidi unga, maharage na kuni, hivyo mtoto hatakuwa mzigo kwako kwa chakula. Lakini ulipouliza mtakula nini, nilikumbuka usiku ule wa taa moja. Dagaa wa juma hili wataliwa na kwisha, na ni vema waliwe; Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Ila itafika siku, kwako na kwangu, ambapo tutakuwa tumelala ndani na watu wamekaa nje, na mtu fulani itambidi auanzishe wimbo. Napenda awe mwanao, na napenda aujue wote.

Watakatifu Mashahidi wa Uganda, mtuombee. Mtakatifu Sesilia, utuombee.

Nawatakieni juma jema lenye baraka. Wazazi, wapeni watoto shuka na sahani. Wazee, msiziache ngoma nyumbani.

Wenu katika Kristo,
Paroko